Mzigo upite Mtwara, Dar es Salaam au Mtambaswala? Ulinganisho kwa wafanyabiashara wa Kusini

Mfanyabiashara wa Mtwara au Lindi anayeagiza bidhaa au kuuza nje ana njia tatu za kupitisha mzigo forodhani. Ya kwanza ni Bandari ya Mtwara. Ya pili ni Bandari ya Dar es Salaam, kisha lori hadi huku. Ya tatu ni nchi kavu, kuvuka Ruvuma kwenda au kutoka Msumbiji, ama kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, ama kwa kivuko cha Kilambo.

Wengi wetu huchagua kwa mazoea. Aliyeanza biashara kwa kununua Kariakoo anabaki na wakala wake wa Dar hata baada ya kuanza kuagiza kontena zima. Aliyezoea majahazi anaona bandari kubwa ni mahali pa kampuni kubwa tu. Mazoea hayo yana gharama, na fedha ya Kusini inayopotea kwenye storeji (ada ya kuhifadhi mzigo bandarini) na demereji (tozo ya kuchelewesha kontena) ni fedha ambayo ingenunua mashine ya kubangulia au kulipa wapakiaji wa msimu mzima. Ndiyo maana nataka tuzipime njia hizi kwa hesabu, mzigo kwa mzigo.

Ukinitaka kigezo kimoja tu cha kuchagulia, nitakupa hiki: tazama mzigo wako utasubiri wapi, kwa muda gani, na nani atakuwa karibu nao wakati unasubiri. Viwango vya kodi ni vilevile kila mahali. Kusubiri ndiko kunakotofautiana.

Yasiyobadilika popote utakapopita

Tuanze na hili kwa sababu ndilo lenye upotoshaji mwingi. Hakuna ushuru wa Mtwara na ushuru wa Dar. Forodha yote iko chini ya TRA, sheria ni moja, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, na viwango vya ushuru kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya ni vya pamoja. Malighafi nyingi na mitambo huingia kwa asilimia 0, bidhaa ambazo hazijakamilika kwa asilimia 10, bidhaa zilizokamilika kwa asilimia 25, na tangu Julai 2022 kuna kundi la nne la asilimia 35. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18 pamoja na tozo nyingine ndogo, na bidhaa chache zina ushuru maalumu. Tamko linaingizwa kwenye TANCIS, mfumo wa kompyuta wa forodha, uwe umekaa Shangani ya Mtwara au Posta mpya ya Dar. Mfumo wenyewe ndio unaoamua kama mzigo utapita moja kwa moja, utakaguliwa nyaraka, au utafunguliwa na kuhesabiwa.

Kwa hiyo mtu akikwambia, “Pitisha Mtwara, kule tathmini ni nyepesi,” au akakwambia hivyo kuhusu mpaka, anakuuzia matatizo. Thamani hupimwa kwa bei uliyolipa kweli, na ukitoa tamko la uongo sheria inataja kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Namba ya HS ya bidhaa yako, yaani namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa, nayo ni ileile kila kituo. Ukiikosea Dar umeikosea na Mtwara.

Vibali pia ni vilevile. Bidhaa zinazosimamiwa na TBS zinatakiwa kuwa na cheti cha ubora kilichotolewa huko zinakotoka kabla hazijapakiwa. Kemikali zinahitaji kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali, dawa na vifaa tiba ni TMDA, mimea na mbegu ni TPHPA. Hakuna bandari inayokusamehe hata kimoja. Tofauti ni kwamba kibali kikikosekana, mzigo uliopo Mtwara unaufikia kwa bajaji, na uliopo bandari kavu ya Dar (eneo la kuhifadhi makontena nje ya bandari) unaufikia kwa basi la usiku kucha.

Kuagiza kutoka nje: hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Ukiomba bei ya kusafirisha kontena kutoka China au India, mara nyingi utaambiwa nauli ya kufika Mtwara ni kubwa kuliko ya kufika Dar. Sababu ni rahisi: meli za makontena zinazopita Dar ni nyingi, na kontena la Mtwara mara nyingi hushushwa bandari nyingine kwanza, likasubiri meli ndogo. Mwagizaji anapiga hesabu haraka: nauli ya ziada ya Mtwara dhidi ya lori la kutoka Dar, takriban kilomita 560. Zikikaribiana, anachagua Mtwara ili aepuke usumbufu wa barabara.

Hesabu hiyo haijakamilika, na hapa naomba usome polepole. Thamani ya forodha kwa mzigo wa meli ni bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli hadi bandari ya kuingilia. Nauli ya meli imo ndani ya thamani inayotozwa ushuru. Nauli ya lori kutoka Dar hadi Mtwara haimo, kwa sababu inatokea baada ya mzigo kuingia nchini.

Chukua mfano. Bidhaa yako iko kwenye kundi la asilimia 25. Nauli ya meli hadi Mtwara imezidi ile ya Dar kwa shilingi 1,000,000. Thamani ya forodha inapanda kwa 1,000,000. Ushuru unaongezeka 250,000. VAT inatozwa juu ya jumla ya 1,250,000, yaani 225,000 nyingine. Ile milioni moja ya baharini imekugharimu 1,475,000 kabla ya tozo ndogondogo, wakati milioni moja ya lori imebaki milioni moja. Aliyesajiliwa VAT atairejesha ile 225,000 kupitia ritani zake. Duka ambalo halijasajiliwa halina pa kuirudishia, inaingia kwenye bei ya bidhaa.

Bidhaa ikiwa ya asilimia 0, kama mitambo mingi ya viwandani, picha inageuka. Nauli ya ziada haizai ushuru, na mashine nzito ya kubangua korosho inayokwenda Newala au Masasi ina sababu zote za kushuka Mtwara badala ya kurushwarushwa barabarani kutoka Dar. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya nauli, jua kwanza bidhaa yako iko kundi lipi. Mwenye vigae vya kupamba ukuta na mwenye mashine wanaweza kukaa meza moja, wakapewa nauli zilezile, na jibu sahihi la kila mmoja likawa tofauti.

Upande wa pili wa mizani kuna kusubiri. Dar ni bandari kubwa, na kubwa ina faida zake: meli za mara kwa mara, gati nyingi, vifaa vingi vya kupakulia, na tangu 2024 DP World wanaendesha sehemu ya magati yake huku kampuni nyingine ikiendesha eneo la makontena. Lakini kontena lako likishuka pale ni moja kati ya maelfu, na mara nyingi hupelekwa bandari kavu ambako kuna gharama zake za kuhifadhi na za kuhamisha. Akitakiwa mtu wa kushuhudia ukaguzi, wewe uko Ndanda. Wakala ndiye macho yako, na ana wateja wengine.

Kisha kuna barabara. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi maeneo ya Somanga na kwingineko, magari yakalala njiani. Mtu anayeagiza pembejeo zinazotakiwa shambani kwa wiki maalumu hawezi kuisahau hatari hiyo. Salfa ya unga ya kuzuia ubwiriunga kwenye mikorosho ikichelewa, mkulima wa Tandahimba hana namna ya kuurudisha msimu nyuma. Kwa salfa na pembejeo nyingine zinazokuja kwa wingi wa meli, Bandari ya Mtwara ndiyo mahali pake, sina shaka nalo hata kidogo. Gati jipya la mita 300 lililojengwa kwa takriban shilingi bilioni 157 limeifanya ipokee meli kubwa, na bandari yenyewe ina kina cha asili ambacho bandari nyingi zinakitamani.

Kwa bidhaa mchanganyiko jibu ni kinyume. Mwenye duka la nguo, vipuri vya pikipiki au vyombo vya nyumbani ambaye hajazi kontena peke yake, anachangia kontena na wenzake kupitia wakusanyaji wa Guangzhou au Dubai. Hao karibu wote hupeleka Dar. Ukilazimisha Mtwara utasubiri kontena lijae watu wa Mtwara, na hutajua lini. Magari yaliyotumika kutoka Japani nayo pia hushuka Dar kwa meli zake maalumu. Hapo usijisumbue, pitisha Dar, tafuta wakala mzuri, panga lori mapema.

Kuna kundi la katikati ambalo ndilo linalonihangaisha zaidi: mtu anayeagiza kontena zima mara mbili au tatu kwa mwaka, mabati, nyavu, vifungashio, vifaa vya umeme wa jua. Ushauri wangu kwake ni kuomba bei mbili kwa maandishi, ya Dar na ya Mtwara, kila moja ikiwa na gharama zote hadi mlangoni kwa ghala lake: nauli, ushuru na VAT kwa thamani husika, wafeji (ada ya mzigo kupita gatini), storeji ya siku kumi, ada ya wakala, ada ya kampuni ya meli ya kutoa DO (hati ya kuruhusu mzigo utolewe), lori, na amana ya kontena. Ile storeji ya siku kumi iweke hata kama wakala anaapa atatoa kwa siku tatu. Gharama ya kurudisha kontena tupu nayo usiisahau, kwa sababu kontena ulilolitoa Dar kwa kawaida linatakiwa lirudi tupu Dar, na siku za kulirudisha zinahesabiwa na kampuni ya meli. Kilomita 560 kuja na 560 kurudi zinakula siku hizo. Wengi hupakulia Dar na kuhamishia mzigo kwenye lori la kawaida ili kontena libaki kule. Fanya hivyo ukijua kwamba bidhaa inashikwa mara mbili, na vioo au vigae havipendi kushikwa mara mbili.

Na uamuzi wa bandari ufanywe kabla ya kuagiza. Mzigo ukishapakiwa kuelekea Dar na B/L (hati ya shehena ya meli) ikasomeka Dar, kubadili hadi Mtwara ni kubadili hati ya meli na orodha ya shehena, na kila mabadiliko yana ada na siku zake.

Siku zinazohesabiwa

Popote utakapochagua, tamko linatakiwa liingizwe ndani ya siku 21 tangu meli ianze kupakua, isipokuwa umeongezewa muda. Mzigo ukiingizwa kwenye ghala la forodha na usitolewe ndani ya siku 30, Kamishna anatoa tangazo, na ukipita muda wa siku 30 nyingine unahesabiwa umeuacha na unaweza kupigwa mnada.

Lakini usisubiri meli ifike. Nyaraka zikiwa tayari, tamko linaweza kuingizwa mzigo ukiwa bado baharini, ushuru ukalipwa, na siku ya kufika ikabaki kazi ya ukaguzi na kutoa. Katika hili Mtwara ina faida ambayo haionekani kwenye bei: wingi wa mizigo ni mdogo, ofisi ziko karibu karibu, na afisa akiuliza maana ya kipengele fulani kwenye ankara, unaweza kufika mwenyewe na sampuli mkononi. Upungufu wake nao ni wa kweli. Maofisa wa taasisi za vibali hapa si wengi kama Dar, na kipimo kinachotakiwa kufanywa maabara kinaweza kulazimika kusafirishwa. Kama bidhaa yako ni ya kupimwa, kemikali au chakula kwa mfano, uliza kabla: sampuli itapimwa wapi, na majibu yanachukua muda gani?

Kuuza nje: korosho, ufuta, mbaazi na makaa

Huku mizani inaelemea Mtwara waziwazi, na kwa korosho ghafi uchaguzi umeshafanyika. Septemba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ziarani Mtwara aliagiza korosho zote za Kusini zisafirishwe kupitia Bandari ya Mtwara. Nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Mpakiaji wa Mikindani, mwenye gereji, mama ntilie wa pale nje ya geti, wote wana haki ya kula kwenye zao linalolimwa uani kwao.

Kwa mnunuzi aliyeshinda mnada wa vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao, swali linabaki kuwa la ndani ya Mtwara: kontena au kichele, yaani mzigo kupakiwa melini bila kontena? Kontena linalinda korosho dhidi ya mvua na wizi, na mnunuzi wa Vietnam au India analipokea likiwa na lakiri. Tatizo ni kontena tupu. Kusini inauza nje kwa makontena mengi kuliko inayopokea, kwa hiyo matupu lazima yaletwe, na msimu ukikolea kati ya Oktoba na Desemba kila mtu anayataka wiki ileile. Meli ya kichele inabeba kwa wingi na kumaliza ghala haraka, ila inahitaji mnunuzi mwenye tani nyingi au kundi la wanunuzi waliokubaliana, na inahitaji hali ya hewa ya ukavu wakati wa kupakia.

Mnunuzi mdogo wa tani mia mbili au tatu abaki na kontena, na aweke oda ya makontena kabla hajaingia mnadani. Kuna watu hulipa mnada, wanatoa korosho ghalani, ndipo wanapiga simu kwa kampuni ya meli. Korosho zinakaa juani ndani ya lori, unyevu unahama, ratili (uzito wa viini vinavyopatikana kwenye korosho ghafi) inashuka, na ratili ikishuka mnunuzi wa kule anakata bei. Hasara hiyo haionekani kwenye risiti yoyote ya bandari, lakini ndiyo kubwa kuliko zote.

Ushuru wa mauzo ya nje wa korosho ghafi ni asilimia 15 ya bei ya FOB (bei ya mzigo ukishapakiwa melini, bila nauli wala bima) au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. FOB ikiwa dola 1,200, asilimia 15 ni dola 180, unalipa 180. Ikiwa dola 900, asilimia 15 ni 135, basi unalipa 160. Chini ya takriban dola 1,067 unalipa kile cha tani, na hapo kila dola unayoshuka bei inaongeza uzito wa ushuru kwako. Mwenye kiwanda anayeuza korosho zilizobanguliwa hana ushuru huu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwatia moyo wabanguaji wetu.

Ufuta wa Lindi na mbaazi za Nachingwea na Ruangwa zina uhuru zaidi. Hapa ulinganisho ni wa haki. Mnunuzi mwenye ghala Dar, anayesafisha ufuta kule na kuuchanganya na wa mikoa mingine, ana sababu ya kuupeleka Dar kwa lori: meli nyingi, makontena tele. Mnunuzi anayesafisha na kupakia huku hana sababu ya kulipia kilomita 450 za kutoka Lindi wakati Mtwara iko kilomita mia moja na kidogo. Linaloamua ni tarehe ya meli. Mbaazi hasa zinategemea sera ya India, na mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi za kutoka nje, bei huku ilianguka na wakulima wakaumia. Katika biashara ya namna hiyo tarehe iliyoandikwa kwenye B/L inaweza kuwa ndiyo inayookoa au kuzamisha mkataba. Kama Dar kuna meli wiki hii na Mtwara ni wiki tatu zijazo, lipa lori.

Nyaraka za kuuza nje zichukue huku hata kama mzigo unapita Dar: cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, ufukizaji, cheti cha uasili (kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani) cha TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, na kwa korosho, vibali vya Bodi ya Korosho ambayo makao yake yako hapahapa Mtwara. Mkaguzi akiona mzigo ghalani, kasoro inarekebishwa na watu wako. Akiuona kwa mara ya kwanza bandarini, inarekebishwa kwa gharama ya storeji.

Nigusie makaa ya mawe ya Ruvuma, ambayo tangu 2022 yamekuwa yakipita Mtwara kwa wingi. Yanaipa bandari kazi mwaka mzima, jambo jema. Lakini makaa ni mzigo mchafu na korosho ni chakula, na vyote vinahitaji gati. Mpango wa kujenga bandari ya mizigo michafu Kisiwa-Mgao ni jibu sahihi, na mwenye chakula cha kuuza nje ana haki ya kuufuatilia kwa karibu. Kwa sasa, uliza meli gani iko gatini wiki unayopakia.

Kuvuka Ruvuma

Kwa anayeuza saruji, chumvi, sabuni au unga kwenye mikoa ya Cabo Delgado na Niassa ya Msumbiji, bandari haihusiki kabisa. Daraja la Umoja, mita 720, lilifunguliwa Mei 2010 na Marais Kikwete na Guebuza, na lori linapita juu yake bila kusubiri maji. Kilambo ni karibu zaidi kwa wa Mtwara mjini, ila kivuko kinategemea kina cha mto, na mto una mchanga wake. Kwa shehena ya lori zima naona Mtambaswala ndiyo chaguo hata kama njia ni ndefu. Kilambo ni ya mizigo midogo na ya watu wanaojuana ng’ambo. Usalama wa Cabo Delgado umekuwa mbaya tangu Oktoba 2017, na baada ya shambulio la Palma la Machi 2021 hakuna anayepanga safari ya upande ule bila kuuliza kwanza hali ya njia.

Kosa linalofanyika sana hapa ni la karatasi. Watu hudhani Msumbiji ni sawa na Kenya au Uganda, wanabeba utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na kile cheti rahisi cha uasili cha mizigo isiyozidi dola 2,000. Msumbiji haimo kwenye Jumuiya hiyo. Sisi na wao tunakutana SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, na ni cheti cha uasili cha SADC kinachoweza kuifanya saruji iliyotengenezwa Mtwara iingie kwao bila ushuru au kwa ushuru mdogo. Bila cheti hicho mteja wako analipa kamili, na mwezi ujao anatafuta muuzaji mwingine. Kumbuka pia kwamba upande wa pili karatasi zinasomwa kwa Kireno, kwa hiyo ankara yenye lugha zote mbili inaokoa saa nyingi mpakani.

Njia za panya sizilinganishi na chochote. Mzigo unataifishwa, chombo kilichoubeba kinaweza kwenda nao, na adhabu ni kifungo kisichozidi miaka mitano au faini ya asilimia 50 ya thamani ya mzigo.

Wakala wa huku au wa Dar?

Swali hili lina uzito sawa na la bandari, pengine zaidi, kwa sababu sheria inamhesabu wakala kama mwenye mzigo katika kulipa ushuru, na wakati huohuo haikuondolei wewe wajibu huo. Alichokitamka kwa niaba yako, umekitamka wewe.

Mzigo ukipita Mtwara, chukua wakala mwenye ofisi na mtu anayelala Mtwara. Kampuni ya Dar inayokuahidi “tutamtuma kijana” itamtuma siku ambayo wateja wake wa Dar wamepumzika. Mzigo ukipita Dar, chukua wa Dar, lakini apewe maelekezo ya maandishi na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Wakala wa Mtwara mwenye tawi la kweli Dar, mwenye jina lake kwenye leseni na si kwa kuazima leseni ya mwenzake, ndiye bora kuliko wote kwa anayetumia bandari zote mbili. Mawakala wa namna hiyo si wengi, ukimpata mshike.

Kabla ya kukabidhi hati, hakikisha yumo kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ya TRA na kwamba amesajiliwa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli. Leseni ya forodha huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, na tarehe hiyo inaangukia katikati ya msimu wetu. Kama korosho zako zitapakiwa Januari, muulize wakala mwezi wa kumi na moja: “Umeshaomba upya?” Asiyeweza kukujibu usimpe mzigo wa Januari.

Fedha ya ushuru usimpe mkononi wala kwenye akaunti yake. Tamko likishapita, mfumo unatoa kontrol namba. Omba namba hiyo pamoja na nakala ya tamko, linganisha jina lako, TIN, namba ya HS, thamani na kiasi, kisha lipa mwenyewe benki au kwa simu. Ada yake mlipe kando, kwa risiti. Wakala mwaminifu hachukizwi na hili. Mwenye kuchukizwa amekusaidia kumjua.

Mzigo ukishatoka, dai faili lote: tamko, ankara, B/L, kibali cha kutoa mzigo, risiti za malipo, vyeti. Mali bila daftari huisha bila habari, na forodha ina daftari lake: unatakiwa kutunza kumbukumbu kwa miaka 5, na TRA wanaweza kuja kukagua mizigo iliyotoka zamani. Wakija, watakuja kwenye ghala lako la Lindi au Mtwara, si kwenye ofisi ya wakala wa Dar ambaye huenda alishahama jengo. Nakala ya karatasi ikae kwako, na nyingine ipigwe picha na kuhifadhiwa mahali ambapo maji ya masika hayafiki.